Trekta la Mama Edith na Sleji ya Watu

Nyinyi vijana mnaofika Birmingham siku hizi huwa mnanikuta kanisani baada ya ibada, sahani ya chapati mkononi, na swali lenu huwa lile lile. "Shosho, kitambo hicho ulisavaivu aje, na hakukuwa hata na simu ya mkononi?" Mimi nawajibu kweli tupu, kwamba nilikuwa nikiendesha trekta la zamani kwenye mashindano ya kuvuta mizigo. Mnacheka, mnatazamana, halafu mmoja wenu ananiongezea chai kwa upole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Kaeni niwaeleze.

Nilikuja hapa mwishoni mwa miaka ya sitini kufanya kazi ya unesi, na niliifanya mpaka nikastaafu, karibu miaka yote nikiwa kwenye wodi za wazee. Kuhusu kazi hiyo nina mengi ya kuwafunza. Usimwinue mtu kwa mgongo, mwinue kwa magoti. Usimwambie mzee "tunakwenda kuoga" kama wewe huogi naye. Mgonjwa akikutukana kwa rangi yako asubuhi, bado atakuita saa ya dawa, na utakwenda. Haya mtajifunza wenyewe, na mengine mmeshajifunza. Siku ya ofu ndiyo hamfundishwi na mtu.

Kazini nilikuwa na watu kuanzia naingia mpaka natoka. Kisha ikaja siku ya mapumziko. Nilipanga chumba Moseley, katika jumba moja kubwa la kizamani lililokatwakatwa vyumba, changu kikiwa juu kabisa chini ya paa. Majirani walikuwa watu wa heshima. Tulikutana ngazini tukaambiana kwamba kuna baridi, na kweli ilikuwepo. Jumapili maduka yalifungwa. Nilifua, nikapiga pasi, nikala mkate na yai, nikatazama saa, na bado ilikuwa asubuhi. Kuna siku nilijikuta nasema "pole" kwa Kiswahili baada ya kugonga kiti, nikasimama pale nikishangaa sauti yangu mwenyewe, kwa maana tangu jana yake nilikuwa sijaisikia.

Basi nikaanza kupanda mabasi. Napanda mpaka mwisho wa njia, nakaa humo humo, narudi. Kondakta mmoja wa basi la Hodge Hill alinizoea, akawa haniulizi ninakwenda wapi. Jumapili moja nikaona haya kurudi naye tena bila sababu, nikashuka, nikatembea. Nilipita nyumba zile za pacha pacha zenye bustani ndogo mbele, nikaendelea mpaka nyumba zikaisha na ua wa miiba ukaanza. Ndipo nikasikia trekta.

Liliwaka, likakohoa, likazima. Likawaka tena, likakohoa, likazima. Nilisimama barabarani kama niliyeitwa jina. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu karibu na Kitale. Nilikua nimekaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu la nyuma, na wakati wa mavuno niliushika usukani mimi huku yeye akirusha magunia. Kile kikohozi nilikijua. Matrekta ya zamani ya aina ile huwashwa kwa petroli, kisha injini ikipata moto unafungua mafuta ya taa. Ukifungua kabla halijapata joto, linakohoa hivyo hivyo.

Nikaegemea lango. Ndani ya ua palikuwa na mama wa rika la mama yangu, kavaa koti la kiume na gambuti, anapumua kwa hasira.

"Unalihamishia mafuta ya taa mapema," nikamwambia. "Liache lipate joto kwanza."

Akageuka. "Na wewe ni nani?"

"Nesi."

"Sikuita nesi."

Nilikuwa naanza kuondoka aliposema, "Basi ingia. Ukishindwa, angalau utanifunga bendeji."

Jina lake lilikuwa Edith. Aliniambia nimwite hivyo tu, Edith. Kwetu huwezi kumwita mtu mzima wa umri ule jina tupu kama unaita mbuzi, kwa hiyo nikamwita Mama Edith. Akaniambia haraka haraka, "Mimi sikuzaa."

"Kwetu si lazima uzae ndiyo uitwe mama."

Akanigeuzia mgongo akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Tangu siku hiyo hakunikataza.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanaume walipokwenda kupigana, wasichana ndio waliolima, na yeye aliendesha trekta miaka ile yote. Vita vikaisha, mumewe akarudi, akaketi kwenye kiti cha chuma cha trekta, naye Mama Edith akarudi kwa kuku. Hakuulizwa. Alipofiwa na mume, trekta likabaki bandani, kuku wakitaga juu ya kiti, na shemeji yake akawa anakuja kila mara kumshauri alikatekate auze chuma chakavu. Mashamba alikuwa ameshayakodisha kwa majirani. Trekta hakutaka litoke. Tatizo ni kwamba nyonga yake ilikuwa imeharibika, mguu wa kushoto haukuweza tena kukanyaga klachi. Aliweza kuliwasha, hakuweza kuliendesha.

Mimi klachi niliiweza. Ndivyo nilivyopata mahali pa kwenda Jumapili.

Sasa nisikilizeni, wale wachache ambao mtapenda kuujaribu mchezo huu, maana upo mpaka leo. Trekta la zamani unaliwasha kwa kuzungusha hendeli mbele. Kidole gumba usikizungushie hendeli, kiweke upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha kwa nguvu, hendeli itakupokonya mkono, na kama gumba limeshika, kifundo cha mkono kitavunjika. Nimefunga plasta vifundo vya namna hiyo, na wenyewe huwa wanasema wameanguka bafuni. Injini iliyokwama usiilazimishe. Mimina mafuta mepesi kwenye matundu ya plagi, ondoka, rudi wiki ijayo, mimina tena. Mama Edith aliliamsha lile la kwake hivyo kwa kipupwe kizima kabla hajakutana nami. Na usianze na rangi. Watu wengi hununua trekta, wanalipaka rangi likang'aa, kisha wanagundua gia zimekwisha.

Kuhusu kuvuta kwenyewe, mwalimu wangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi, akinipigia kelele. Mwanzoni nilifunga gogo la mwaloni kwa mnyororo, nikaachia klachi kama mtu anayeruka kutoka dirishani. Magurudumu ya mbele yaliinuka juu. Nilimwona Mungu na mawingu yake. Nilipozima, Mama Edith alikuwa bado ameketi kwenye ndoo, mweupe kuliko kawaida yake.

"Mnyororo ulikuwa umelegea," alisema. "Kwanza uukaze polepole, uusikie umebana, ndipo uvute. Na uliufunga juu mno. Ufunge chini, trekta livute kwa tumbo. Na tuweke uzito mbele, au utakwenda Kenya bila ndege."

Tukafunga vyuma mbele. Tukapunguza upepo wa matairi ya nyuma kidogo ili yashike ardhi. Nikajifunza kutotazama nyuma. Anayevuta akigeuka kuangalia mzigo, mkono unageuka naye na trekta linakwenda upande. Unasikiliza injini, unatazama mbele, basi. Nilikuwa naliongelesha lile trekta kwa Kiswahili, na nikikasirika, kwa Kibukusu. Wiki nyingine hicho ndicho kilikuwa Kiswahili pekee kilichotoka kinywani mwangu. Mama Edith hakuuliza ninasema nini. Siku moja tu alisema, "Inaonekana linakuelewa kuliko mimi," na nikasikia kwamba ana wivu kidogo, nikafurahi, kisha nikaona vibaya kwa kufurahi.

Msidhani tulikuwa tunaongea sana. Tulikuwa watu wawili wapweke waliokuwa wanakaa pamoja wakiwa bado wapweke. Tulikunywa chai jikoni kwake, kisha naangalia saa, nakwenda kungoja basi. Mara nyingi nikiwa kituoni namwona kwa mbali, amesimama langoni na lile koti, hanipungii mkono. Basi likija naingia, na yeye anaingia.

Mama Edith alifariki miaka michache baada ya haya ninayowasimulia, akiwa usingizini, nyumbani kwake. Nasema mapema ili msikae mkimngojea afe mwishoni. Shemeji alichukua kila kitu, trekta likauzwa kabla sijapata habari. Siku ya mazishi nilikaa benchi la nyuma kanisani, na mtu mmoja aliyekuwa akigawa karatasi za nyimbo akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Turudi kwenye kuvuta.

Kila mwaka wakati wa kiangazi, wenye matrekta ya zamani wa upande ule walikutana katika shamba la mkulima aliyeitwa Bwana Norris. Mashindano yao yalikuwa hivi. Kulikuwa na sleji, yaani jukwaa pana la mbao lisilo na magurudumu, lililolala juu ya vyuma viwili. Unalifunga nyuma ya trekta unaliburuta. Kando ya njia wamepangwa watu wazima, mmoja hapa, mwingine hatua chache mbele, mpaka mwisho. Kila sleji inapompita mtu, anapanda. Basi mzigo unaongezeka kadiri unavyokwenda: watu wawili, watano, kumi, mpaka trekta linashindwa linasimama. Palipoishia sleji, Bwana Norris anapima. Aliyefika mbali ndiye mshindi.

Mwaka ule wa kwanza niliazima suruali na kufunga kitambaa kichwani. Nilikuwa mwanamke peke yangu na mweusi peke yangu, lakini jambo hilo nilikuwa nimelizoea, hata kwenye foleni ya posta nilikuwa hivyo. Walinitazama. Mmoja akamuuliza Mama Edith kama nimekuja kusaidia chai. "Amekuja kuvuta," alisema Mama Edith.

Zamu yangu ikafika. Nikakaza mnyororo, nikausikia umebana, nikaachia klachi taratibu. Trekta likaondoka kama linalokwenda dukani. Nilikuwa sitazami nyuma, kama nilivyofunzwa. Injini ilinguruma bila kulalamika, nikapita nusu, nikapita alama ya aliyeongoza, nikaenda mpaka mwisho wa njia kwenye ua. Nilizima nikacheka kwa sauti. Nilikuwa sijacheka kwa sauti tangu nifike nchi hii.

Hapakuwa na mtu aliyepiga makofi. Nikageuka. Juu ya sleji walikuwa wamesimama watu watatu. Wengine wote walikuwa bado kando ya njia, pale pale walipopangwa.

Bwana Norris alikuja akitembea polepole, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. "Samahani, Sista," aliniambia, "hii haitahesabika. Uzito haukukamilika."

"Kwa nini hawakupanda?"

Alitazama kofia yake. Yule aliyekuwa karibu, mwanamume mnene aliyeitwa Cyril, akasema, "Goti linaniuma." Na mwenzake akasema goti lake pia. Magoti mengi sana yaliuma siku ile katika shamba la Bwana Norris. Mimi ni nesi, wanangu. Goti linalouma nalijua.

Kama wangenizomea ningejua la kufanya. Kama wangenizuia nisivute, ningekwenda nyumbani na hasira yangu na hasira ingenipa joto. Lakini waliniacha nivute kitu chepesi mbele ya watu wote, na mimi nikacheka, nikidhani nimeweza. Kile kicheko ndicho kilichoniuma. Njiani kurudi Mama Edith alikaa juu ya madigadi, fimbo magotini.

Sikurudi kwake mwezi mzima, labda zaidi. Nilichukua zamu za Jumapili. Nilipotokea tena alinipa chai kama vile nilikuwa nimekwenda tu hadi bandani. Mwaka mzima tukatengeneza trekta, tukasafisha kabureta, tukabadilisha mpira wa radieta, na hatukuyataja mashindano. Kiangazi kilipokaribia, akasema huku ananipa spana, "Norris ameuliza kama tunakuja."

"Mimi sirudi, Mama."

"Unaogopa?"

"Siwezi kuvuta watu wasiotaka kuvutwa na mimi."

Alifikiri. "Basi nitapanda mimi."

"Na hiyo nyonga?"

"Nyonga ni yangu, sijaiazima."

Tukaenda. Nilikwenda kwa ajili yake, nasema kweli. Wanaume ni wale wale, njia ni ile ile. Matrekta mengine yalivuta, watu wakapanda, wakashuka, wakacheka, wakarudi kwenye nafasi zao. Niliwatazama wanavyoshikana mikono pale juu wasianguke, huyu anamshika bega yule, na nikasikia jambo ambalo sikutarajia. Niliona kijicho. Sikutaka kikombe chao cha ushindi. Nilitaka wapande.

Kabla ya zamu yangu Mama Edith alipotea. Nilimtafuta kwa macho nikamwona anachechemea na fimbo kuelekea hema la chai. Nikadhani amechoka. Bwana Norris akaniita. Nikafunga mnyororo chini, nikapanda, nikawasha.

Ndipo wanawake wakatoka kwenye hema. Wake za wale wale wakulima, na aproni zao, mmoja bado ameshika birika kubwa la chai. Mama Edith mbele na fimbo yake. Sijui aliwaambia nini. Niliwahi kumuuliza baadaye akasema, "Niliwaambia keki zinaweza kungoja." Wakatawanyika kando ya njia, kila mmoja akasimama katikati ya mwanamume na mwanamume. Yule wa birika akaenda akasimama karibu kabisa na Cyril. Alikuwa mkewe.

"Cyril," alisema, kwa sauti ambayo shamba zima liliisikia, "goti linaendeleaje leo?"

Cyril alitazama mbele. "Si vibaya."

"Nimefurahi."

Bwana Norris alinitazama mimi, akatazama ile safu, akafungua kinywa kusema kwamba watu wamezidi idadi. Nadhani alitaka kusema hivyo. Akakifunga. Akainua bendera.

Nilikaza mnyororo. Nikausikia umebana. Nikaachia klachi.

Mama Edith ndiye aliyekuwa wa kwanza njiani. Nilihisi sleji ikitikisika kidogo alipopanda, mtu mmoja mwepesi, na sikugeuka. Kisha mwingine. Kisha wawili kwa pamoja. Uzito wa watu unaufahamu kwa makalio, wanangu, si kwa macho. Unakuja kupitia kiti. Kila mmoja alipopanda, trekta liliinama kidogo nyuma na injini ikashusha sauti, na mimi nikawa nahesabu bila kutaka kuhesabu, nikapotea, nikaanza upya. Wakaendelea kuja. Nilisikia mwanamke anacheka, na kitu cha bati kinaanguka, nadhani ni kifuniko cha birika. Nilisikia sauti ya kiume ikimwambia mmoja wa wanawake, "Nishike mkono, Joan." Injini sasa ilikuwa inanguruma kwa kina, moshi mweusi umesimama wima, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Nikamwambia trekta, "Pole pole, baba, pole pole." Likajitahidi. Likasogea urefu wa mtu. Likasogea urefu wa mkono. Kisha likazama kwenye udongo mpaka karibu ekseli, likazima.

Hatukufika hata nusu ya njia. Bwana Norris alipima na kutangaza, na ulikuwa umbali mfupi kuliko wote wa siku ile. Tulikuwa wa mwisho.

Nikageuka nyuma. Sleji ilikuwa imejaa. Walikuwa wamebanana pale juu bega kwa bega, aproni na kofia, wengine mguu mmoja hewani, Cyril akiwa amemshikilia Mama Edith kiunoni asianguke, naye Mama Edith akimkanyaga kidole bila kujua, au akijua. Wote walikuwa wananitazama mimi, kama abiria wanaotaka kujua kama basi limeharibika.

Waliposhuka, hawakuondoka. Trekta lilikuwa limekwama na lazima lichimbuliwe, kwa hiyo wakaleta majembe na mbao, wakaanza kubishana jinsi ya kulitoa, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Nikataka kushuka kusaidia, Cyril akasema nikae, uzito wangu unahitajika juu ya magurudumu. Haikuwa kweli. Mkewe akamimina chai iliyobaki kwenye birika lisilo na kifuniko, akanyoosha mkono, akanipa kikombe pale nilipokaa.

Ilikuwa imepoa na ina vumbi. Niliinywa polepole sana, tone kwa tone, watu wakichimba na kugombana pande zote mbili za viatu vyangu, kwa maana nilijua kwamba nikimaliza nitashuka, nikishuka kuna basi, na baada ya basi kuna chumba.